Kutoka Oregon hadi Tanga: mchezo wa kompyuta ulivyoingia darasani

Kompyuta ilianza kufundisha mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, pale Donald Bitzer na wenzake walipounda mfumo walioupa jina la PLATO. Mwanafunzi alikaa mbele ya kioo, akasoma swali, akabonyeza jibu, na mashine ikamwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Mwaka 1972 toleo la nne la mfumo huo lilitoka na kioo kilichotambua mguso wa kidole, miaka mingi kabla ya simu za kupapasa kufika mikononi mwa watu. PLATO haikuundwa kwa ajili ya michezo, lakini wanafunzi walijitengenezea michezo yao humo humo, na wengine walikesha wakiicheza.

Mchezo uliotungwa makusudi kwa ajili ya somo, na ukapata umaarufu, ulizaliwa Minneapolis mwezi Desemba 1971. Don Rawitsch alikuwa mwalimu wa mazoezi akifundisha historia, na alitaka wanafunzi wake waelewe safari ya Wamarekani waliohamia magharibi katika karne ya 19. Wenzake wawili aliokuwa akiishi nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa walimu wa hisabati waliojua kuandika programu. Kwa pamoja wakatoa The Oregon Trail. Darasa halikuwa na kioo cha kutazama. Kulikuwa na mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa kwingine, na majibu yalitoka kwenye karatasi. Wanafunzi walinunua maksai, chakula na risasi, kisha wakaanza safari, huku maradhi na njaa vikiwaandama njiani. Katika matoleo ya mwanzo, aliyetaka kuwinda alipaswa kuchapa neno BANG upesi. Akichelewa au akikosea herufi, mnyama ameshakwenda zake. Watoto wakagawana kazi wenyewe: mwepesi wa kuchapa akawa mwindaji, mwingine akashika ramani, mwingine akatunza fedha. Mwaka 1974 Rawitsch aliupeleka mchezo huo kwenye taasisi ya jimbo la Minnesota iliyosambaza kompyuta shuleni, MECC, na kutoka hapo ukaenea nchi nzima.

Wakati huo huo Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, alikuwa akishika njia nyingine. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitoa Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Mtoto aliamuru kobe asogee mbele au ageuke kulia, na nyayo za kobe zikachora umbo. Kwa Papert, mtoto ndiye anayepaswa kuitawala kompyuta, isiwe kompyuta inayomhoji mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na Nicholas Negroponte walipeleka kompyuta kwa watoto wa Dakar, Senegal. Majaribio hayo ndiyo yaliyompa Negroponte wazo alilolitangaza mwaka 2005 la kompyuta mpakato ya bei nafuu kwa kila mtoto.

Wazo hilo liliwavutia viongozi wengi. Rwanda ilinunua kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Peru iligawa zaidi ya 800,000. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walichapisha matokeo kutoka shule 319 za vijijini Peru: watoto walizoea kompyuta, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda. Vifaa vilikuwa vimefika bila masomo yaliyopangwa kwa utaratibu. Kenya nayo, baada ya ahadi ya kampeni ya mwaka 2013, ilianza mwaka 2016 kugawa zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma, na hoja zikazuka kuhusu umeme, mafunzo ya walimu na vifaa kukaa kabatini.

Hapo ndipo Tanga inapoingia. Mwezi Septemba 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza mashindano ya dola milioni 15, fedha zilizotolewa na Elon Musk. Swali lilikuwa gumu: je, mtoto asiyekwenda shule anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa programu peke yake, bila mwalimu? Mamia ya timu zilijiandikisha, na mwaka 2017 zikabaki tano, kila moja ikipewa dola milioni moja: onebillion ya Uingereza, Kitkit School ya kampuni ya Enuma, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Chimple ya India na CCI ya New York. Sharti kubwa lilikuwa lugha. Kila programu ilitakiwa ifanye kazi kwa Kiswahili, kwa kuwa uwanja wa majaribio ungekuwa Tanzania.

Sharti hilo lilikuwa na uzito mkubwa kuliko fedha zenyewe. Michezo mingi ya kusoma iliyokuwepo ilitungwa kwa Kiingereza, ambako herufi moja hutamkwa kwa namna nyingi na mtoto hukariri maneno mazima. Kiswahili husomwa kwa silabi. Mtoto akishaijua ba, be, bi, bo, bu, anaweza kuunda baba na bibi siku hiyo hiyo, na herufi haimgeuki mbele ya safari. Kwa hiyo watunzi walilazimika kupanga upya ngazi za masomo, kurekodi sauti za Waswahili na kutunga hadithi mpya. Wengi wa watoto waliolengwa walizaliwa katika familia zinazozungumza Kizigua, Kisambaa, Kibondei au Kidigo, lakini Kiswahili walikuwa wakikisikia kila siku.

Majaribio yalianza mwishoni mwa 2017 na kudumu miezi 15. Watoto karibu 3,000 walishiriki katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google. Serikali ya Tanzania na UNESCO zilishiriki kuandaa na kusimamia zoezi, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likajenga vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua. Kipimo cha mwanzo kilionyesha hali halisi: asilimia 74 ya watoto waliripotiwa kutowahi kwenda shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Ndani ya kishikwambi, safari ilianza chini kabisa. Mtoto ambaye hajawahi kushika kifaa cha namna hiyo alipaswa kwanza ajue kwamba kioo kinaitika kikiguswa na kwamba picha inaweza kuburutwa. Kisha sauti inamtajia herufi, naye anaifuatisha kwa kidole. Inamtajia silabi, naye anaichagua kati ya tatu. Akikosa harudishwi nyuma kwa aibu mbele ya wenzake, anajaribu tena. Akipata, anapanda ngazi. Aliyeelewa upesi hakumsubiri mwenzake, na aliyechelewa hakuachwa. Mwalimu mwenye watoto 100 darasani hawezi kufanya hivyo hata akiwa na moyo wa namna gani, na hapo ndipo ilipo nguvu ya kweli ya mchezo.

Hata hivyo, kusema watoto hao walijifunza peke yao ni kuwapunja watu wa vijiji vyao. Vishikwambi vilihitaji wa kuvichaji, kuvifungia, kuvigawa na kuwakumbusha watoto muda wao. Kazi hiyo ilibebwa kwa sehemu kubwa na kina mama wa vijijini humo. Hawakufundisha herufi, lakini bila wao hakuna herufi ambayo ingefundishwa.

Matokeo yalitangazwa Mei 15, 2019 mjini Los Angeles. Idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu, na katika hisabati programu zote tano ziliwafaa wasichana sawasawa na wavulana. Majaji wakaigawa tuzo ya dola milioni 10 kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Ushindi wa Kitkit School haukuwa wa bahati: Sooinn Lee, mwanzilishi mwenza wa Enuma, alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta Korea Kusini kabla ya kugeukia elimu, baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu.

Nusu ni hatua kubwa kwa mtoto aliyeanzia sifuri. Lakini nusu nyingine ilibaki pale pale, na kusoma neno moja si kusoma kitabu. Malawi ilichukua njia yenye mwalimu. Huko onebillion ilikuwa tayari imefanya kazi kwa Kichewa kwa miaka kadhaa, na serikali ikaanzisha mpango wa kufikisha vishikwambi katika shule za msingi za umma, darasa la kwanza hadi la nne, watoto wakitumia kwa zamu huku mwalimu akiwepo. Nchini Tanzania, Ubongo ya Dar es Salaam ilichagua kifaa kilichokuwa tayari sebuleni: tangu 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kinafundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili kwenye televisheni, na watoto waliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida.

Programu tano za Tanga ziliachwa huru kwa masharti ya mashindano, na msimbo wake uliwekwa wazi ili yeyote auchukue bila malipo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Zilitengenezwa kwa vifaa vya mwaka 2017 na zinahitaji kuhuishwa. Vyuo vyetu vina vijana wanaoweza kazi hiyo, na mwishoni mwa 2022 walimu wa Tanzania walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi. Wizara ya Elimu na vyuo hivyo wazikutanishe programu hizo na vifaa hivyo.