Spektrometria ya tungamo

Gunia la alizeti likitolewa ghalani Manyoni na kupelekwa mwezini, uzito wake utashuka hadi karibu moja ya sita. Tungamo yake itabaki ileile. Kwa hiyo mtu anayekiita kifaa cha kuchunguza protini za damu "mashine ya kupima uzito" anampoteza msomaji mapema. Spektrometa haina mizani. Huzipa molekuli chaji ya umeme, huzirusha ndani ya ombwe, kisha husoma zinavyopinda au zinavyopishana kufika. Kinachopatikana ni tungamo ikigawanywa kwa chaji, na ndiyo maana nashikilia jina "spektrometria ya tungamo".

Njia hii ilianza na atomi. Manyoni inafahamika kwa mashapo ya urani, na urani 235 hutofautishwa na urani 238 kwa tungamo. Protini zilichelewa kwa kuwa ni kubwa na zilikuwa zikivunjika kabla ya kupaa. John Fenn na Koichi Tanaka, waliozifungulia protini njia, walipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2002.

Chukua selimundu, ugonjwa unaozitesa familia nyingi nchini mwetu. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi amino moja, glutamiki, imebadilishwa na valini. Basi! Mnyororo wa kawaida una tungamo ya daltoni (kipimo cha tungamo ya molekuli) 15,867 hivi. Wa selimundu umepungukiwa daltoni 30 tu, na spektrometa nzuri inaiona tofauti hiyo katika tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi.

Kujua protini ipo kiasi gani ni kazi nyingine, ngumu zaidi. Molekuli fulani hupokea chaji upesi, nyingine kwa shida, kwa hiyo urefu wa kilele kwenye grafu hausemi wingi. Tena albumini peke yake ni zaidi ya nusu ya protini za utegili, nayo huzifunika zilizo chache. Dawa yake ni kutia kwenye sampuli kiasi kinachojulikana cha protini ileile, iliyotengenezwa kwa kaboni 13 na naitrojeni 15. Mimi ningeiita kigezo pacha. Kikemia haitofautiani na ya mgonjwa, ila tungamo yake imezidi kidogo, hivyo vilele viwili husimama jirani na uwiano wao hutoa kiasi. Kigezo pacha kikitiwa mwanzoni, kabla kimeng'enya cha tripsini hakijazikata protini vipande, hata kinachomwagika au kisichokatika vizuri hupungua pande zote mbili sawasawa.