Visu na Wahunzi wa Nchi Yetu Tangu Zamani

Sisi tukaao Msimbu na katika vijiji vingine vya Kisarawe hatuwezi kuimaliza siku moja bila chuma chenye makali. Mihogo humenywa kwa kisu, kichaka hufyekwa kwa panga, kuni huchanjwa kwa shoka. Lakini tukienda kununua, wengi wetu hutazama kung'aa kwa chuma na bei yake tu, wala hatuulizi kama makali yake yafaa kazi tuliyo nayo. Yafaa basi tuzikumbuke habari za ufundi huu, kwa maana ni wa zamani sana katika nchi yetu, na sehemu yake moja imekwisha kupotea.

Kusini ya Dar es Salaam pana mahali paitwapo Limbo. Katika miaka ya 1980, mahali hapo palipokuwa pakihesabiwa katika wilaya ya Kisarawe, mtaalamu wa mambo ya kale, Felix Chami, alipachimba. Aliona vigae vya vyungu pamoja na mavi ya chuma, yaani takataka zisaliazo mawe ya chuma yanapoyeyushwa kwa moto. Basi twajua ya kuwa watu wa pwani hii walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe karibu miaka 2,000 iliyopita.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mtu mmoja aliyezijua safari za bahari hizi aliandika kitabu kwa Kiyunani. Asema kwamba wafanya biashara walileta pwani yetu, mpaka soko lililoitwa Rhapta, mikuki iliyofuliwa makusudi kwa biashara hiyo katika bandari ya Muza, Arabuni, pamoja na mashoka madogo na visu vidogo. Nao walichukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Tazama, tangu hapo kale palikuwa na visu vya namna mbili: kilichokuja na jahazi, na kilichofuliwa nyumbani. Wala chuma hakikuingia tu. Mwaka 1154 mwandishi Mwarabu Al-Idrisi aliandika ya kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba faida yao kubwa ilitoka huko.

Je, ufundi wa kuyeyusha ulikufaje? Haukufa kwa kushindwa na moto, bali kwa kushindwa na bei. Vyuma vya Ulaya vilifika vingi na rahisi, na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilizidi kuzifungulia njia bidhaa za kigeni. Huko Buhaya tanuru zilikuwa zimezimwa miaka mingi wakati mtaalamu Mmarekani, Peter Schmidt, alipowaomba wazee katika miaka ya 1970 wajenge tena tanuru kama za baba zao. Wazee wakakumbuka, wakajenga, wakapata chuma. Lau wangaliulizwa baada ya miaka ishirini, pengine asingalikuwako wa kujibu. Nasi tusomao Samweli wa Kwanza twajua taabu ya Waisraeli walipokosa mhunzi: iliwalazimu kushuka kwa Wafilisti, adui zao, ili kunoa hata majembe yao.

Kwetu mhunzi hakutoweka. Aliacha kuyeyusha mawe, akashika chuma chakavu, hasa springi za magari. Springi ni chuma cha pua, nacho hushika makali. Mhunzi hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, hukifua juu ya fuawe, kisha hukizamisha katika maji au mafuta kipate ugumu. Lakini chuma kilichopozwa ghafla huvunjika upesi; kwa hiyo fundi hodari hukipasha moto tena kidogo ili ugumu wake upungue kwa kiasi.

Sasa tuyatazame makali yenyewe, maana si namna moja. Namna ya kwanza, bapa la kisu hupungua unene sawasawa toka mgongoni mpaka makalini. Kisu hiki hupita upesi katika samaki, nyama na muhogo. Bali ukikipigia mfupa kitapata pengo. Namna ya pili, mbavu zimetuna kidogo kama mbavu za shoka. Makali haya yana chuma kingi nyuma yake. Huupasua mti na kuusukuma kando, wala hayanaswi ndani. Ndiyo yalifaayo panga la kufyekea. Namna ya tatu, mbavu zimebonyea ndani kama wembe wa kinyozi. Ni makali mno, lakini hayavumilii mti mgumu. Namna ya nne, bapa ni nene, ila karibu na makali pamenolewa mteremko mfupi pande zote mbili. Humfaa mchonga miti, kwa kuwa anoapo huulaza mteremko wote juu ya kinoo, asiupotoshe. Namna ya tano hunolewa upande mmoja tu, kama patasi na tezo. Mtu wa mkono wa kushoto na amwambie fundi mapema, la sivyo kisu kitamwendea upande.

Tofauti hizi si jambo dogo. Mgema hukata kila siku kipande chembamba cha kikonyo cha maua ya mnazi. Kotama yake isipopata, hana budi kuongeza nguvu, na huko juu nguvu ya kupita kiasi humwangusha mtu. Kadhalika panga butu huteleza juu ya mti likarudi mguuni.

Kwa hiyo ununuapo, kijaribu chuma kwanza. Pitisha tupa polepole karibu na makali: ikiteleza, chuma ni kigumu; ikila kwa urahisi, ni laini, nacho kitakuwa butu kabla ya adhuhuri. Geuza makali juu uyatazame mwangani. Palipo butu patang'aa kama uzi mweupe. Uliza msuka umeingia mpaka wapi katika mpini, kwa maana msuka mfupi huchomoka mtu apigapo kwa nguvu.

Na ikiwa mhunzi yuko karibu nawe, usimwambie, "Nifulie kisu kizuri." Mwambie, "Nataka cha kuchongea mipini," au, "Nataka cha kupasulia samaki." Kwa neno hilo moja atajua unene wa bapa na namna ya makali, na mwanafunzi wake avutaye mivukuto atajifunza pia. Wahenga walisema, kinolewacho hupata. Na ujuzi wa fundi nao hunolewa kwa kuulizwa.