Grande ya jamaa na historia ya tabo

Wiki hii bwenini hakulaliki. Jamaa wa chumba cha pili ana Mark II GX100 ya 1997 aliyoachiwa na mjomba wake, na sasa anataka kung'oa 1G-FE yenye nguvu za farasi 140 aweke 1JZ-GTE ya tabo, ili wikiendi akienda kwao Bagamoyo gari lisikike. Pesa anayo ya injini tu. Na pesa yenyewe ni ada ya semista. Kaniuliza, "Wee mtu wa historia unaonaje?" Haya, namjibu kihistoria.

Ukanda huu uliujua mwendo kabla ya tabo. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda East African Safari na Peugeot 404, sedani ambayo mzee yeyote angeendea nayo ofisini. Tabo ya kwanza kushinda Safari ilikuja 1984, Björn Waldegård na Toyota Celica. Ila mfano wa jamaa ni 1987, Hannu Mikkola alipochukua ushindi na Audi 200, lisedani lizito kabisa, lenye tabo.

Kwa wasiojua, tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasindilia hewa ndani ya injini. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Ukiifunga kwenye 1G-FE ya kawaida, ambayo tayari inabana sana, injini inagonga mpaka inakufa. Ndiyo maana watu wanabadilisha injini nzima.

1JZ-GTE ilitoka 1990 na tabo mbili ndogo. Mwaka 1996 ikaja ya tabo moja na VVT-i, ikakaa kwenye Mark II Tourer V, ndugu wa damu wa GX100. Toyota waliandika farasi 280, maana makampuni ya Japani yalikubaliana kutozidi hapo, makubaliano yaliyoachwa 2004. Kwa hiyo jamaa hakosei, bodi ni ile ile na injini inakaa.

Lakini Tourer V haikuwa injini tu! Ilikuwa na breki kubwa, giaboksi yake, difu yake, rejeta, intakula, waya na kontrol boksi. Hivyo vyote navyo ni pesa. Halafu kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na cc, kwa hiyo TRA nako lazima aende. Na barabara yenyewe je? Mapinga, Kerege, kote vijijini ni 50, na trafiki ana tochi.

Nilimwambia kama kichwa kigumu, aanze na breki. Jana kashinda Gerezani akiulizia bei za breki za Tourer V. Ada bado hajalipa.