Tenki ya Samaki Inavuja Kwa Kona? Fanya Hivi Kabla Jirani wa Chini Agonge Mlango

Umeamka, soksi zimelowa, na maji ya tenki yameshuka vidole viwili. Tulia kwanza. Inaweza kuwa ni paipu ya filta tu inadondosha. Panguza glasi ikauke, weka tishu kila kona, ungoje. Tishu ikilowa pale glasi zinaungana, silikoni imechoka, na hiyo ni ngori.

Chomoa stima kabla uingize mkono. Hita ikiachwa imewaka na maji yanaisha, glasi yake hupasuka. Halafu piga hesabu: tenki ya sentimita 60 kwa 30 kwa 30 inabeba lita 54, yaani kilo 54 za maji. Hiyo ikimwagika usiku, diposti ya keja umeiaga.

Samaki wahamie kwa ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni, na maji yao ya zamani. Ya mfereji yana klorini, itawamaliza. Sponji ya filta pia iingie hapo hapo na pampu ya hewa iendelee kupuliza. Wasee wengi huchoma hapa: wanaokoa samaki, wanaanika sponji kwa dirisha. Bakteria wanaosafisha maji wanakufa, amonia inapanda, na ndani ya siku kadhaa samaki wanaanza kuelea.

Kurekebisha sasa. Usipake silikoni mpya juu ya ile ya zamani, haishiki poa. Toa maji yote, kwangua silikoni yote ya ndani na wembe, panguza na spiriti, acha ikauke. Ile iko katikati ya glasi na glasi usiiguse, hiyo ndio inashikilia tenki. Kama ni hiyo imeachilia, maze, usijifanye fundi. Tenki inafaa kubomolewa na kuunganishwa upya, ama uipandie sukuma.

Kwa hadwea itisha silikoni tupu ya glasi. Ile ya bafu huwa na dawa ya kuua kuvu, na hiyo dawa ni sumu kwa samaki. Ya glasi nyingi hunuka siki ikikauka, so kama bado inanuka, bado haijaiva. Ipe saa 48, tenki kubwa wiki nzima. Ukiijaribu, ijazie bafuni kwa sakafu iliyolala sawa, gazeti kavu chini, na uiache usiku kucha. Gazeti likiamka kavu, rudisha samaki.