Karoo: Gesi ya Ramani na Gesi ya Mwamba

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakupeleka Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini yenye kondoo wengi na mvua chache. Mwaka 2011 idara ya takwimu za nishati ya Marekani ilitoa ripoti kwamba chini ya nyika hiyo huenda ipo gesi ya kuchimbika futi za ujazo trilioni 485. Ili upate kipimo, gesi yote iliyotangazwa kugunduliwa Tanzania, nchi kavu na baharini, ni trilioni 57 hivi.

Mimi si mwanajiolojia. Nilisomea uandishi wa habari. Lakini mwandishi akisikia tarakimu huuliza: nani kahesabu, na kahesabu vipi?

Gesi tuliyoizoea, kama ya Songo Songo, ilihama kutoka ilikopikwa ikatuama ndani ya mwamba wa mchanga wenye vitundu. Ukitoboa, inapanda. Ya Karoo imebaki palepale ilipopikwa, ndani ya tope la bahari ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, lililogandamizwa likawa jiwe jeusi la tabaka nyembamba. Ili gesi itoke, jiwe hilo lazima lipasuliwe kwa maji mengi, mchanga na kemikali, kwa shinikizo kubwa. Ndiyo maana wafugaji wa Karoo, wanaotegemea maji ya visima, walikuja juu.

Mwamba wa namna hiyo hupimwa kwa maswali machache. Una mabaki ya viumbe kiasi gani? Una unene gani? Unapasuka au unanywea? Na joto la ardhini limeupika kiasi gani? Ukiwa mbichi, gesi haijazaliwa. Ukiungua, gesi imekwisha kutoroka. Majibu ya uhakika hutoka kwenye jiwe lenyewe, likitolewa kwa kekee na kupelekwa maabara.

Ripoti ya 2011 haikutoboa kisima hata kimoja. Ilitegemea ramani, maandiko ya wataalamu na kumbukumbu za visima vya zamani, vilivyochimbwa na Soekor, shirika lililoundwa na serikali ya makaburu mwaka 1965 kutafuta mafuta. Kisima kimojawapo, cha Cranemere, kilitoa gesi mwaka 1968, kisha mtiririko ukapungua upesi. Hiyo ilikuwa dalili, lakini trilioni 485 zilikuwa na sauti kubwa zaidi.

Nchi ilikuwa imekwisha onja mgao wa umeme mwaka 2008, kwa hiyo tumaini lilikuwa tamu. Serikali ilisimamisha maombi ya leseni mwaka 2011, mwaka uliofuata ikayaruhusu tena. Mwaka 2013 Wamarekani wale wale wakashusha makisio hadi trilioni 390. Mwaka 2015 kampuni ya Shell, iliyoomba eneo kubwa, ikapunguza shughuli zake huko.

Kisha mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Afrika Kusini wakachapisha matokeo ya visima viwili vilivyochimbwa ili kupata sampuli. Gesi waliyoikuta ilikuwa kidogo mno. Miaka milioni 183 hivi iliyopita, miamba iliyoyeyuka kwa moto ilipenya kati ya matabaka ya Karoo na kuyaunguza. Makisio yao: trilioni 13. Ni kama kuahidiwa magunia 37 ukakuta moja.

Hata hizo 13 ni makisio. Tofauti ni kwamba nyuma yake kuna jiwe lililoshikwa mkononi.

Wahenga walisema usikate kanzu mwana hajazaliwa. Serikali hupanga mitambo na kukopa fedha kwa tarakimu kama hizi, na deni hulipwa na mwananchi, gesi iwepo isiwepo. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisikia kesho trilioni nyingine, popote pale, usianze kushangilia wala kulaani. Uliza kwanza: vimetobolewa visima vingapi, na jiwe limesema nini?