Diploma Moja, Milango Miwili: Humanite na Ufundi katika Masisi

Katika Kongo, anayemaliza mwaka wa mwisho wa humanite, yaani sekondari, hufanya mtihani wa Serikali, ambao wanafunzi huuita Exetat, na akifaulu hupewa diploma ya Serikali. Diploma hiyo ni moja kwa wote. Aliyesoma Kilatini na falsafa, aliyesoma ualimu, aliyesoma kilimo au biashara, kila mmoja anaipata, na kwa kila mmoja ndiyo ruhusa ya kuomba nafasi chuo kikuu. Huko Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga katika wilaya ya Masisi, wazazi huliona jambo hilo kuwa la kawaida. Babu zao hawakulijua.

Mbelgiji alipopanga elimu ya koloni mnamo 1929, aliziachia misheni kazi ya kufundisha, nayo Serikali ikatoa ruzuku. Shule zilikusudiwa kutoa makarani, waalimu, maseremala na wauguzi. Mwafrika aliyetaka kusoma Kilatini alikuwa na mahali pamoja tu, seminari ndogo, na njia yake ilielekea upadri. Wengine, hata wenye akili ya kupigiwa mfano, waliishia kuwa wasaidizi: msaidizi wa daktari, msaidizi wa bwana shamba.

Masisi iliuonja mpango huo kwa namna yake. Kati ya 1937 na 1955 wakoloni walileta familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari na vilima vya jirani, na nia mojawapo ilikuwa kupata vibarua wa mashamba ya wazungu. Pale ambapo mtoto alihesabiwa tangu mwanzo kuwa mkono wa kazi, shule ndefu haikuwa na nafasi kubwa.

Mageuzi ya 1948 ndiyo yaliyofungua humanite kamili ya miaka 6 kwa Mwafrika, lakini yalileta pia mchujo mkali. Baada ya miaka 2 ya kwanza ya shule ya msingi, watoto waligawanywa: wachache waliingizwa katika mkondo wa kuchaguliwa, ulioelekea sekondari, na wengi wakabaki katika mkondo wa kawaida, ulioelekea shambani na karakana. Mtoto alikuwa bado hajaota meno yote ya ukubwa, na njia yake imeshakatwa. Hilo ndilo kosa kubwa la mpango ule, kubwa kuliko uchache wa madarasa.

Vyuo vikuu vilichelewa. Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville mnamo 1954, na chuo cha Serikali cha Élisabethville mnamo 1956. Mwaka huo huo wa 1956 Thomas Kanza alihitimu Leuven, Ubelgiji, akiwa mlei wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu. Uhuru ulipofika 1960, Wakongo wenye shahada hawakufika 30.

Baada ya uhuru, mageuzi ya mwanzo wa miaka ya 1960 yalivunja ukuta kati ya mikondo ile miwili. Watoto wote wa sekondari walianza na miaka 2 ya pamoja ya maelekezo, kisha wakachagua opsyo, yaani tawi la masomo, kwa miaka 4. Ufundi wa muda mrefu ukapewa hadhi sawa na humanite ya kawaida. Ufundi wa muda mfupi ukabaki na cheti cha kazi tu, kisichofungua chuo kikuu. Mnamo 1967 ukaja mtihani wa Serikali, mmoja kwa nchi nzima. Tangu hapo mtoto wa fundi wa Masisi hupimwa siku moja na mtoto wa waziri wa Kinshasa, na anayesoma ufundi huongezewa mtihani wa vitendo. Wakati wa kusoma majina ya waliofaulu, mitaa hujaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe kichwani, na hakuna anayewauliza walisoma opsyo gani.

Chuo kinauliza. Aliyetoka opsyo ya hesabu na fizikia huingia uhandisi akiwa na hesabu nyingi, bila kuwahi kushika mashine. Aliyetoka ufundi wa umeme ameishika, ila hesabu zinamwangusha mwaka wa kwanza. Karatasi ni sawa, maandalizi si sawa. Taasisi za juu za ufundi, kama ISTA, zimekuwa kimbilio la wengi wa kundi hilo la pili.

Vijijini, opsyo mara nyingi huchaguliwa na mfuko. Karakana inataka vyuma, umeme na mwalimu fundi. Opsyo ya ualimu inataka chaki, daftari la maandalizi na shule ya msingi ya jirani ya kufanyia mazoezi, ndiyo maana imeenea sana. Kwa Kirolirwe, nchi ya malisho ambamo maziwa hugeuzwa jibini la Masisi na kupelekwa Goma, opsyo ya kilimo na mifugo ingekuwa na maabara tayari mlimani: ng'ombe wenyewe. Shule ya msingi ya Serikali ilitangazwa bure mnamo 2019, lakini minervali, yaani karo, ya sekondari bado ni mzigo wa mzazi.

Umbali wa kwenda chuo kikuu ulipungua mnamo 1993, Chuo Kikuu cha Kisangani kilipofungua tawi Goma, ambalo baadaye likawa Chuo Kikuu cha Goma. Vita ndivyo vilivyorudisha umbali. Kirolirwe ilikuwa mikononi mwa waasi wa CNDP katika miaka ya 2000, na Januari 2023 waasi wa M23 waliteka Kitchanga. Mwanafunzi wa kilimo aliyekimbilia kambi za Goma bila buletini zake alijikuta mbele ya shule isiyo na opsyo yake, na wengine walianza upya katika ualimu au biashara, kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu.