Lenzi ya mtumba

Mpiga picha wa Chang'ombe akisema anatafuta lenzi ya mtumba, mkazi wa Dodoma anaweza kudhani inauzwa Mtumba, kule kwenye Mji wa Serikali. Kwenye maandishi herufi kubwa hutenganisha mambo, mdomoni haisikiki.

Mtumba kwa asili ni robota, mzigo uliofungwa. Nguo zilizokwisha kuvaliwa zilipoletwa kwa marobota, jina la mzigo likahamia kwenye nguo zenyewe, kisha kwenye chochote kilichotumika: viatu, friji, simu. Sasa limefika kwenye lenzi, kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu angekifunga robota.

Chukua lenzi ya Helios 44-2 iliyotengenezwa Urusi enzi za Kisovieti: urefu wa fokasi milimita 58, na shingo ya skrubu yenye kipenyo cha milimita 42. Kamera ya kisasa ya dijitali huipokea kwa adapta, mara nyingi pete ya chuma isiyo na waya wala kioo ndani. Lenzi na kamera haziwasiliani. Mpiga picha mwenyewe huzungusha lenzi taratibu mpaka kope za bibi harusi zionekane moja moja.

Ukitaka kutaja utendaji huo, usiseme "lenzi ya mkono". Hiyo wanafunzi wa baiolojia wanaijua, ndiyo ya kukuzia wadudu. Sema "lenzi ya kulenga kwa mkono". Neno mtumba linaeleza kifaa kimetoka wapi, si kinavyofanya kazi: hata lenzi inayojilenga yenyewe, ikishapita kwa mwingine, ni ya mtumba.